Muislamu Kuingia Hekalu la Kale la Wahindu: Fiqhi na Historia Baina ya Kilwa na Madras

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Amma baad.

Suala lililoletwa kutoka Kitomanga, katika barabara ya Kilwa kwenda Lindi, ni hili. Muislamu mmoja alikwenda Chennai, mji wa kusini mwa India uliokuwa ukiitwa Madras hadi mwaka 1996, kumsindikiza mgonjwa wake. Siku moja, mgonjwa akiwa amepata nafuu, wenyeji wao waliwapeleka kutazama hekalu la kale la Wahindu lililopo ufukweni. Akaingia, akatazama, akapiga picha, akatoka. Picha zilipoonekana nyumbani, baadhi ya watu wakasema amekwisha kufuru, atoe shahada upya na afungishwe ndoa upya. Na wazee wa mkewe wakamchukua binti yao. Wengine wakasema hakuna lolote, jengo ni jengo. Imamu ameombwa atoe kauli, naye akataka kujua maulamaa wamesema nini.

Suala hili halimhusu mtu mmoja tu. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Tanzania, hasa wa moyo, wamekuwa wakipelekwa India, na hata baada ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kuanza kazi Dar es Salaam mwaka 2015, safari hizo hazijakatika. Mwaka 2023 chuo cha teknolojia cha Madras kilifungua tawi lake Zanzibar, na vijana wetu wanasoma humo. Wala hatuhitaji kuvuka bahari: mahekalu ya Mabaniani yapo Mtaa wa Kisutu mjini Dar es Salaam na yapo Hurumzi, Unguja, na watu hupita mbele yake wakienda msikitini. Kwa hiyo imamu atakayejibu suala hili leo ajue kuwa ataulizwa tena.

Tulifahamu jambo lenyewe kwanza

Wanazuoni wa Usuli wanatufunza kwamba hukumu ya jambo hutanguliwa na kulifahamu jambo. Wengi wetu tukisikia neno hekalu tunadhani ni kitu cha namna moja, na hapo ndipo fatwa nyingi zinapokwenda kombo.

Kiasi cha kilomita 60 kusini ya Chennai, ukingoni mwa Ghuba ya Bengal, upo mji mdogo wa Mamallapuram, ambao wengi huuita Mahabalipuram. Wafalme wa ukoo wa Pallava walichonga hapo mahekalu ndani ya majabali, na mengine wakayajenga kwa mawe, katika karne ya 7 na ya 8 Miladia. Lile lililo karibu kabisa na maji ni la mwanzoni mwa karne ya 8, zama za mfalme Narasimhavarman wa Pili, takriban wakati ule ule majeshi ya Muhammad bin al-Qasim yalipoingia Sind. Majengo hayo yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1984, miaka mitatu baada ya magofu yetu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Yanasimamiwa na idara ya serikali ya mambo ya kale. Mgeni hukata tiketi, hutembea, hutazama, huondoka. Katika hekalu lile la ufukweni hakuna ibada ya kila siku, ingawa mjini humo lipo jingine linalotumika.

Hali ni nyingine mjini Thanjavur, kwenye hekalu la Brihadisvara alilolijenga mfalme Rajaraja wa ukoo wa Chola na kukamilika kiasi cha mwaka 1010. Mnara wake unapita mita 60 kwenda juu. Nalo ni urithi wa dunia, nalo hutembelewa na wageni, lakini ibada ndani yake ingali inaendelea asubuhi na jioni. Mjini Madurai lipo hekalu la Meenakshi, ambalo asiyekuwa Mhindu hafiki chumba chake cha ndani. Na katika nchi ya Kerala, ambayo mababu zetu mabaharia waliijua kwa jina la Malabar, yapo mahekalu kama Guruvayur ambayo asiyekuwa Mhindu haingii kabisa.

Ndani, mpangilio unakaribiana. Kuna lango lenye mnara uliojaa sanamu, kisha ua mpana, kisha kumbi za nguzo, na mwisho chumba kidogo cha giza kisicho na madirisha, ambamo lipo sanamu au jiwe linaloabudiwa. Nyakati za ibada kuhani huzungusha taa mbele yake na kengele hulia. Waabudio hukutanisha viganja, hukizunguka chumba wakikiweka upande wa kulia, hupakwa majivu au unga wa rangi kwenye paji la uso, na hupewa chakula kilichotangulia kuwekwa mbele ya sanamu. Msomaji aikumbuke tofauti hii ya ua na chumba, na ya saa ya ibada na saa nyingine, kwani tutaihitaji.

Asiyejua alipo huweza kufanya asilolijua. Historia ya bahari yetu ina mfano wa jambo hilo. Vasco da Gama aliondoka Malindi mwezi Aprili 1498 akiongozwa na rubani aliyepewa hapo (habari iliyoenea kuwa rubani huyo alikuwa Ahmad bin Majid, watafiti wengi hawaikubali tena). Hapo Malindi Wareno walikuwa wamekutana na wafanyabiashara wa Kihindi, wakawaonyesha picha ya Bibi Maryam, nao Wahindi wakaiinamia. Basi Wareno wakaamini wamepata Wakristo. Walipofika Calicut mwezi Mei, wakapelekwa kwenye hekalu, wakaona sanamu ya mwanamke, wakaona kengele, wakadhani ni kanisa, na wakapiga magoti kuomba. Habari hii imo katika kumbukumbu za safari yao wenyewe. Walikuwa wakitafuta Wakristo wa Mashariki, na mtu hukiona anachokitafuta.

Dalili zinasemaje?

Dalili ya kwanza inatoka upande wetu huu wa Afrika. Ummu Salama na Ummu Habiba (R.A.) walikuwa miongoni mwa waliohamia Habasha. Mtume (S.A.W.) alipokuwa mgonjwa, walimtajia kanisa waliloliona huko, uzuri wake na picha zilizokuwamo. Hadithi hii imepokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) aliinua kichwa chake akawalaumu waliojenga mahali pa ibada juu ya makaburi ya watu wema na kuchora picha hizo. Aliwalaumu wajenzi na wachoraji. Hakuwalaumu wakeze kwa kuona wala kwa kusimulia. Mtu anaweza kupinga kwamba wao walikuwa wakimbizi, na mkimbizi ana hukumu yake. Sawa, hoja hii si ya kukata. Lakini lau kuliona jengo lile kungekuwa ni kutoka katika dini, kimya cha Mtume (S.A.W.) hakingewezekana.

Dalili ya pili ni Umra ya Kadhaa, mwaka wa 7 Hijria. Makka ilikuwa mikononi mwa mushrikina na masanamu yalikuwapo. Mtume (S.A.W.) na Masahaba zake walitufu na kusai, lakini hakuingia ndani ya Al-Kaaba, Sahaba Abdullah bin Abi Awfa (R.A.) alipoulizwa, alisema hivyo, nayo imo katika Sahihi mbili. Imam Nawawi ameeleza sababu kuwa ni masanamu na picha zilizokuwamo ndani, ambazo mushrikina wasingemwachia aziondoe. Mwaka uliofuata, Makka ilipofunguliwa, alikataa tena kuingia mpaka vilipotolewa vilivyokuwamo, ndipo akaingia. Kweli, Al-Kaaba ni Nyumba ya Mwenyezi Mungu tangu asili, haifanani na hekalu, na kiasi hapa hakikamiliki. Lakini faida moja imebaki: Mtume (S.A.W.) alitofautisha baina ya kuwapo mahali palipozungukwa na masanamu na kuingia ndani ya nyumba yaliyomo.

Ya tatu ni kauli ya Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.), aliyewaambia Wakristo wa Sham kuwa Waislamu hawaingii makanisani mwao kwa sababu ya sanamu na picha zilizomo. Bukhari ameitaja katika mlango wa kusali kanisani, na pamoja nayo ametaja kuwa Ibn Abbas (R.A.) alikuwa akisali kanisani, isipokuwa lile lenye sanamu. Angalia, ndugu msomaji: hawa wawili hawakuzuia kwa sababu ya kuta wala ya wenye jengo. Sababu iliyotajwa ni sanamu.

Na ya nne inahusu wakati. Abu Daud amepokea habari ya mtu aliyeweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana. Mtume (S.A.W.) aliuliza mambo mawili: je, palikuwa na sanamu la zama za Ujahili likiabudiwa? Je, palikuwa na sikukuu yao? Alipojibiwa hapana, ndipo akamruhusu atimize nadhiri yake. Imepokewa pia kutoka kwa Umar (R.A.) makatazo ya kuingia kwa mushrikina makanisani mwao siku ya sikukuu yao. Na baadhi ya Salaf waliifasiri ile aya ya 72 ya Suratul Furqan, isemayo juu ya waja wasioshuhudia uzushi, kuwa ni kutohudhuria sikukuu za mushrikina. Kwa hiyo mtu aliyefika Madurai wakati wa sherehe kubwa ya mwezi wa Aprili, ambapo harusi ya miungu yao huadhimishwa na mji mzima kufurika, hawezi kujitetea kwa kauli ya yule aliyepita uani siku ya kawaida.

Kauli za madhehebu

Hapa lazima tuwe waaminifu. Mafakihi wa zamani wakizungumzia mlango huu, wengi walizungumzia makanisa na masinagogi ya Ahlul Kitab, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa katika miji yao. Hekalu la Wahindu tunalipima kwa hayo, na kwa kuwa sanamu ndiyo roho ya hekalu, anayeifanya sanamu kuwa sababu ya kuzuia atakuwa mkali zaidi hapa kuliko kanisani.

Wanazuoni wa Kihanafi wamelikirihisha jambo la Muislamu kuingia kanisani, wakisema ni makutano ya mashetani. Ndivyo alivyonakili Ibn Abidin. Kwa Mahanbali, kauli inayotegemewa ni kujuzu kuingia, na Ibn Qudama katika al-Mughni hakuona ubaya hata wa kusali katika kanisa lililo safi. Imam Malik alichukia kusali humo kwa ajili ya najisi na picha.

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya watu wa mwambao huu, mazungumzo yamekuwa juu ya mambo mawili. La kwanza ni idhini: wapo waliosema haijuzu kuingia ila kwa idhini ya wenyewe, na wapo waliosema si haramu bila idhini. La pili ni picha: wapo waliozuia pindi zikiwamo picha zinazotukuzwa. Kwa msimamo huu wa mwisho, chumba cha ndani cha hekalu linaloabudiwa hakiingiliki, na mimi naona huo ndio msimamo wa salama ambao imamu anaweza kuusimamia mbele ya watu wake. Ama ua wa jengo la kale ambalo limekuwa mahali pa kumbukumbu chini ya idara ya serikali, kwa idhini na bila ibada inayoendelea, kulizuia kwa haramu kunahitaji dalili iliyo wazi zaidi kuliko tulizonazo. Upeo wake ni karaha kwa anayeshika kauli ya wenye kukirihisha, hasa kwa mtu asiye na haja.

Je, amekufuru?

La, hakukufuru, na jibu hili lisicheleweshwe, kwani nyumba ya mtu imesimama juu yake.

Maulamaa waliotaja katika milango ya ridda mambo yanayomtoa mtu katika Uislamu hawakutaja kuingia peke yake. Kadhi Iyadh ametaja, na Imam Nawawi akamnakili katika ar-Rawdha, kusujudia sanamu, jua, msalaba au moto, na kwenda makanisani pamoja na wenyewe huku mtu amevaa vazi lao la dini, kama ule mkanda uitwao zunnar. Ona walivyofunga masharti: kwenda, pamoja nao, na kwa vazi lao la dini. Lau kuingia kungetosha, masharti hayo yasingekuwa na maana. Na hayo yote yanatokana na jambo moja, nalo ni kuonyesha kwa kiwiliwili kwamba mtu ameshiriki katika ibada ile.

Kwa maelezo yaliyotufikia, ndugu huyu aliingia jengo la kale, hakusujudu, hakuomba, hakupakwa kitu. Basi shahada yake ni ile ile, na mkewe ni mke wake kwa akdi ile ile ya kwanza. Hahitaji mahari mapya wala mashahidi wapya, na wazee wamrejeshe binti yao leo. Hadithi ya Bukhari na Muslim imebainisha kwamba anayemwita nduguye kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao. Waliolitamka katika baraza la Kitomanga walitafakari hilo.

Kuna jambo jingine linalonisumbua. Wapo watu wanaotetemeka kwa picha iliyopigwa Chennai, lakini hawasemi neno juu ya jirani anayepeleka ubani, mawaridi na kitambaa chekundu kwenye mzimu au pangoni, akaweka nadhiri apate mtoto. Yule wa Chennai alitazama. Huyu wa pangoni ameomba.

Mwenye kusafiri azingatie nini

Tiketi na sadaka ni vitu viwili. Malipo ya mlangoni kwa idara ya mambo ya kale ni ada ya kutunza jengo, kama anayolipa mgeni anayevuka kwenda Kilwa Kisiwani. Ama sanduku la sadaka lililowekwa mbele ya mungu wao, Muislamu asitie humo hata rupia moja, kwani hiyo ni kusaidia ibada yenyewe.

Kuvua viatu hakuna neno. Sisi watu wa pwani huvua viatu tukiingia nyumba ya mtu yeyote, na hakuna aliyesema tunaiabudu nyumba. Ni adabu ya mahali. Vivyo hivyo shuka nyeupe wanayojifunga wanaume wa Malabar. Waislamu wa huko huifunga vile vile, na wetu hufunga kikoi na msuli. Vazi la watu wa nchi si vazi la dini. Lakini alama ya paji la uso na uzi unaofungwa mkononi na kuhani ni za dini, na hata kama vinatolewa kwa ukarimu, hukataliwa kwa upole. Kukutanisha viganja ukimsalimia mtu aliyekusalimia hivyo ni jambo la baina yenu, ingawa salamu ya kawaida ni bora. Kuvikutanisha mbele ya sanamu ni ibada. Na kukizunguka kile chumba pamoja nao, kwa namna yao na upande wao, nako mtu ajiepushe, hata kama anasema anatazama nguzo.

Chakula kinahitaji maelezo zaidi. Kilichochinjwa kwa ajili ya asiyekuwa Mwenyezi Mungu ni haramu kwa nassi ya Qur'ani. Ama matunda na vitamu, imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kuwa alipoulizwa juu ya zawadi za Majusi siku ya sikukuu yao alikataza kilichochinjwa na akaruhusu matunda. Kwa riwaya hiyo, baadhi ya maulamaa wameruhusu kupokea vitamu anavyoletewa mtu na jirani yake Mhindu wakati wa Diwali, jambo ambalo wazee wa Lindi na Kilwa Kivinje waliokaa mtaa mmoja na maduka ya Wahindi watalifahamu. Lakini kile kinachogawiwa hekaluni kimekwisha kuwekwa mbele ya sanamu kama toleo, na kukipokea hapo ni kukipokea kama baraka yake. Hicho kiachwe.

Mgonjwa na wanaomsindikiza wana hatari yao maalumu. Mtu ambaye mtoto wake yupo kwenye mashine moyo wake ukipasuliwa huwa tayari kushika chochote. Akiambiwa kwamba hapa huombwa, na wengi wamepona, hapo ndipo kutazama kunapogeuka kuomba. Mwenye kuhisi udhaifu huo katika nafsi yake, kwake yeye hata ule ua ni haramu, kwa kuziba njia.

Wakati wa sala ukiingia, toka nje. Katika uwanja wa Mamallapuram uwazi ni mkubwa, na ukumbi wa sanamu hauna haja.

Idhini na adabu

Tumesema masheikh wa Kishafii walilitazama suala la idhini. Ajabu ni kwamba mmoja wa mafakihi wakubwa wa madhehebu haya aliishi katikati ya mahekalu. Sheikh Zainuddin al-Malibari, mwandishi wa Fat-hul Muin inayosomwa katika darsa zetu, alikuwa mtu wa Ponnani, Malabar, katika karne ya 10 Hijria. Kitabu chake kingine, Tuhfatul Mujahidin, kinaeleza maovu waliyotendewa Waislamu wa huko na Wareno, wale wale ambao jeshi lao chini ya Francisco de Almeida liliiteka Kilwa Julai 1505, likaichoma Mombasa mwezi uliofuata, kisha likaenda India. Na katika kitabu hicho hicho Sheikh anawasifu wafalme wa Kihindu wa Malabar kwa kuwaheshimu Waislamu na kuwawekea makadhi na waadhini wao posho. Mtu aliyeandika milango ya ridda hakuona tabu kumpa Mhindu haki yake ya kusifiwa, kwa mujibu wa aya ya 8 ya Suratul Mumtahina.

Karne mbili kabla yake alipita Ibn Battuta. Alifika Kilwa mwaka 1331, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akawasifu watu wake kwa dini na wema na akataja kuwa ni Mashafii. Miaka kama kumi baadaye alikuwa Malabar, na katika mji wa Hili alimkuta fakihi aitwaye Said, mtu wa Mogadishu, katika msikiti ambao, asema yeye, uliheshimiwa na Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Huko Dinawar, kisiwani Sri Lanka, analitaja hekalu kubwa lenye sanamu la dhahabu na wahudumu kiasi cha elfu. Anaeleza, na lile asiloliona anasema ameambiwa, bila ya tusi. Aya ya 108 ya Suratul An'am imetukataza kuwatukana wale wanaoombwa badala ya Mwenyezi Mungu, wasije wenyewe wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa uadui bila ya elimu.

Lakini Ibn Battuta huyo huyo alipofika Ma'bar, nchi ya Madurai, hakunyamaza. Sultani wa huko, Ghiyathuddin ad-Damghani, Muislamu tena aliyehusiana naye kwa ndoa, alikuwa akiwaua mateka wa Kihindu pamoja na wanawake na watoto wao. Ibn Battuta ameandika kwamba hili ni jambo la fedheha ambalo hakuliona kwa mfalme mwingine, na kwamba kwa sababu yake Mwenyezi Mungu aliharakisha mauti yake. Kijana wetu akifika Madurai leo na kuona masikitiko katika macho ya mwenyeji anapojitambulisha kuwa ni Muislamu, ajue kuwa kumbukumbu hizo zipo, na ajue pia kwamba mwandishi Muislamu ndiye aliyezilaani.

Sisi wenyewe tunataka nini kwa wageni? Wanakuja Kilwa Kisiwani watu wa dini zote na wasio na dini, wanaingia katika Msikiti Mkuu aliouongeza Sultani al-Hasan yule yule, nasi tunatarajia wajisitiri, wasipande kibla, wasicheke. Basi nasi tukienda kwao tuchukuliane vivyo hivyo.

Na penye katazo, pasiingiwe. Mwezi Januari 2024 Mahakama Kuu ya Madras, iliyoketi Madurai, katika kesi ya hekalu la Palani, iliamuru kuwa asiyekuwa Mhindu asipite nguzo ya bendera, na ikasema hekalu si mahali pa matembezi. Mahakama hiyo ilieleza kwamba asiyekuwa Mhindu anayetaka kwenda mbele zaidi aandike ahadi kwamba anamwamini mungu wa hekalu lile. Utaratibu wa namna hiyo, wa kutia saini karatasi ya kukiri imani yao, upo pia katika hekalu la Padmanabhaswamy huko Thiruvananthapuram. Wapo vijana wanaoona ni mzaha: tia saini, ingia, tazama, toka. Huu ndio mlango ambao maneno ya Kadhi Iyadh yanaufikia. Kukiri kwa maandishi kuwa unamwamini mungu asiyekuwa Allah, bila kulazimishwa, kwa ajili ya kutazama nguzo na dari, si karaha wala si suala la ikhtilafu. Karatasi hiyo Muislamu asiishike kalamu kwa ajili yake. Abaki nje kwenye nguzo, autazame mnara kutoka barabarani, nao unaonekana vizuri tu kutoka hapo.

Wallahu aalam.